Mota Zilizofichwa Ndani ya Baiskeli za Mashindano: Tuhuma na Kipimo

Katika barabara kuu itokayo Tunduma kuelekea Mbeya huonekana kila siku watu waliopakia baiskeli zao magunia ya mkaa, viazi au mikungu ya ndizi. Wakishapita Mbalizi na kufika kwenye mlima wa Iwambi, wengi wao hushuka na kuanza kusukuma. Laiti mmojawapo angepanda mlima huo akiwa amekaa juu ya kiti, mzigo ukiwa nyuma yake, huku akikanyaga pedali bila kutokwa jasho, watu wa kando ya barabara wangeulizana: je, huyu ana nguvu za ajabu, au baiskeli yake ina kitu ndani?

Swali hilo hilo limeulizwa kwa miaka mingi katika mbio kubwa za baiskeli huko Ulaya, ambako fedha na heshima ya mataifa hushindaniwa. Tangu mwaka 2010 wako waliodai kwamba baadhi ya waendeshaji wa kulipwa huficha mota ndogo za umeme ndani ya baiskeli zao. Katika makala haya tutachunguza jambo hilo kwa kutumia fizikia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Kwanza tutauliza kama jambo lenyewe lawezekana. Pili, kama linapotokea laweza kugunduliwa. Na tatu, ni haki gani anayostahili mtu anayetuhumiwa. Maswali haya matatu ni tofauti, na makosa mengi katika mjadala huu yametokana na kuyachanganya.

KAZI NA NGUVU

Tuanze na mlima wetu. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na eneo la Mbalizi liko chini yake kwa mamia ya mita. Kwa ajili ya hesabu yetu tuchukue tofauti ya mita 300. Tuseme mwendeshaji ana uzito wa kilo 65, baiskeli yake ya chuma kilo 18, na gunia lake la mkaa kilo 40. Jumla ni kilo 123. Kazi ya kuinua kilo 123 kwa mita 300 ni:

123 × 9.8 × 300 = 361,620, yaani takriban jouli 362,000.

Kazi hii haibadiliki, mtu apande haraka au polepole, akae juu ya kiti au asukume. Kinachobadilika ni muda. Kazi inayofanywa katika kila sekunde ndiyo tutakayoiita nguvu, na kipimo chake ni wati; wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Mwenye mkaa akipanda kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, atahitaji takriban wati 100 kwa ajili ya kuinua tu, bila kuhesabu msuguano wa tairi na wa cheni. Mtu mwenye afya njema ambaye hakufanya mazoezi maalumu aweza kutoa kati ya wati 75 na 100 kwa muda mrefu. Ndiyo sababu mtu wetu hushuka akasukuma. Kwa kutumia saa moja na nusu badala ya saa moja, nguvu inayohitajika kuinua mzigo hushuka hadi wati 67, ambazo misuli yake aweza kuzimudu. Asiyejua humwona mvivu, kumbe amepata suluhisho sahihi la tatizo la fizikia.

Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii anayo tayari silaha kubwa ya kuchunguza tuhuma tunazozizungumzia. Mlima haudanganyiki. Mtu akijua uzito, kimo na muda, aweza kukadiria ni nguvu kiasi gani iliyotumika, hata kama hakuwapo.

TUHUMA ZILIVYOANZA

Mwezi Aprili mwaka 2010 mwendeshaji wa Uswisi, Fabian Cancellara, alishinda mbio mbili kubwa kwa mfuatano: ile ya Flanders huko Ubelgiji, na ile ya Paris–Roubaix huko Ufaransa. Katika mbio ya kwanza aliwaacha wenzake kwenye mlima mkali akiwa amekaa kwenye kiti. Muda si mrefu baadaye ikaenea filamu fupi iliyodai kwamba mkono wake ulionekana ukibonyeza kitu kwenye usukani kabla ya kuongeza kasi. Cancellara alikanusha. Hakuna mota iliyopatikana katika baiskeli yake. Hata hivyo, katika mbio za Tour de France za mwaka huo, Umoja wa Kimataifa wa Waendesha Baiskeli, ujulikanao kwa kifupi kama UCI, ulianza kuzikagua baiskeli kwa mitambo.

Mwaka 2014, katika mbio za kuizunguka Hispania, mwendeshaji wa Kanada, Ryder Hesjedal, alianguka kwenye kona. Baiskeli yake ikiwa imelala chini, gurudumu la nyuma lilionekana likiendelea kuzunguka na baiskeli ikajizungusha barabarani. Watazamaji wengi walisema wameona kwa macho yao mota ikifanya kazi. Wakaguzi walizichunguza baiskeli za timu yake na hawakuona kitu.

Kisa hiki kinafaa sana kujadiliwa darasani. Kila aliyewahi kupindua baiskeli ili kuziba pancha anajua kwamba gurudumu likishazungushwa huendelea kuzunguka kwa muda mrefu, kwa kuwa gololi zilizomo katika ekseli hupunguza msuguano. Tuchukue gurudumu ambalo rimu na tairi lake vina uzito wa kilo 1, na mwendo wa ukingo wake ni mita 10 kwa sekunde. Nishati yake ya kuzunguka ni takriban nusu ya kilo 1 mara mraba wa 10, yaani jouli 50. Kiasi hicho chatosha kuinua mzigo wa kilo 5 kwa mita moja. Basi si ajabu kwamba tairi likigusa lami laweza kuisogeza baiskeli nyepesi iliyolala. Macho ya watazamaji yaliona kweli gurudumu likizunguka. Lakini maneno "kuna mota" hayakuonwa na mtu yeyote. Hayo yaliongezwa na fikra.

Kisha, tarehe 30 Januari mwaka 2016, jambo lililokuwa likinong'onwa lilithibitishwa. Katika mashindano ya dunia ya mbio za matopeni yaliyofanyika Heusden-Zolder huko Ubelgiji, wakaguzi walikuta mota ndani ya baiskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya Femke Van den Driessche, msichana Mbelgiji wa miaka 19. Mota ilikuwa ndani ya bomba la kiti, na swichi yake ilifichwa chini ya utepe uliozungushiwa usukani. Msichana huyo alidai kwamba baiskeli ilikuwa ya rafiki yake. Mwezi Aprili UCI ilimfungia kwa miaka 6 na kumtoza faini ya faranga 20,000 za Uswisi. Kilikuwa kisa cha kwanza kuamuliwa chini ya kanuni za udanganyifu wa kiufundi.

Linganisha visa hivi vitatu. Katika viwili vya kwanza kulikuwa na filamu iliyotazamwa na watu wengi mno, lakini hapakuwa na mota. Katika cha tatu hapakuwa na filamu ya kustaajabisha, bali kulikuwa na chombo cha kupimia na fundi aliyeifungua baiskeli.

MOTA HUFICHWAJE?

Mota ya aina iliyopatikana Ubelgiji haikubuniwa kwa ajili ya udanganyifu. Ilitengenezwa Austria na kuuzwa madukani kwa watu waliotaka kusaidiwa kupanda milima kwa ajili ya burudani, na matumizi hayo ni halali kabisa. Umbo lake ni la mche mwembamba unaoweza kuingia ndani ya bomba la kiti la baiskeli. Sehemu yake ya chini ina gia ndogo inayoshikana na gia nyingine iliyofungwa kwenye ekseli ya pedali. Mota ikizunguka, ekseli nayo huzungushwa, na mwendeshaji huhisi kama kwamba miguu yake imepata mwenzake. Pamoja na betri, uzito wake ni takriban kilo 1.8.

Aidha, imedaiwa kuwa zipo mota zilizofichwa ndani ya gurudumu lenyewe, ambako sumaku huwekwa kwenye rimu na kusukumwa na koili za umeme. Mhandisi mmoja wa Hungaria, István Varjas, amewaonyesha waandishi wa habari baiskeli zenye mota za siri. Lakini kuonyesha kwamba kitu chaweza kutengenezwa si sawa na kuthibitisha kwamba fulani alikitumia katika mbio fulani.

FAIDA YAKE NI KIASI GANI?

Ili kujibu swali hili tutumie mfano wa mtu ambaye historia yake inaigusa Afrika Mashariki. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na alijifunza mbio za baiskeli akiwa kijana kwa mwalimu Mkenya, David Kinjah, aliyekuwa akiwafunza vijana huko Kikuyu. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 huko Melbourne. Mwaka 2008 alihamia upande wa Uingereza, na baadaye alishinda Tour de France mara nne: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Tarehe 14 Julai mwaka 2015 Froome aliwaacha wapinzani wake wote katika mlima wa La Pierre-Saint-Martin, kwenye safu ya Pyrenees. Tuhuma zilimwandama kiasi kwamba siku chache baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe, mtazamaji mmoja alimrushia mkojo akiwa mbioni. Timu yake ikaamua kutangaza takwimu zake. Walisema kwamba alipanda kwa dakika 41 na sekunde 28, akiwa na uzito wa kilo 67.5, na kwamba kipimo cha nguvu kilichofungwa kwenye baiskeli kilionyesha wastani wa wati 414. Kwa kuwa gia yake ya mbele ilikuwa na umbo la yai, ambalo hukifanya kipimo kisome zaidi kwa asilimia 6 hivi, nguvu halisi ilikuwa takriban wati 390.

Tuzikague takwimu hizo kwa njia ile ile tuliyoitumia katika mlima wa Iwambi. Urefu wa mpando ni kilomita 15.3, na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 7.4, kwa hiyo kimo ni takriban mita 1,132. Mtu, baiskeli na nguo tuvihesabu kuwa kilo 75. Muda ni sekunde 2,488. Basi nguvu ya kuinua ni:

75 × 9.8 × 1,132 ÷ 2,488 = takriban wati 334.

Zinabaki wati 56 kati ya zile 390. Hizo ndizo zilizotumika kupasua hewa kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa, pamoja na kushinda msuguano wa tairi na cheni. Kwa mwendo huo, upinzani wa hewa hula takriban wati 37 na tairi takriban 18. Hesabu inakubaliana.

Je, sasa tumethibitisha kwamba hapakuwa na mota? Hapana, na hapa ndipo msomaji anapotakiwa kuwa mwangalifu. Hatuujui uzito kamili wa baiskeli na nguo siku ile. Hatujui upepo ulivyovuma katika kila kona. Makosa ya makadirio kama haya hufika asilimia 5 kwa urahisi, na asilimia 5 ya wati 390 ni takriban wati 20.

Tuulize basi: wati 20 zina thamani gani? Kwa mwendeshaji wa kiwango hicho, wati 20 za ziada zingepunguza muda wa kupanda mlima ule kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Katika Tour de France nzima ya mwaka 2015, iliyochukua wiki tatu, Froome alimshinda Nairo Quintana wa Kolombia kwa dakika 1 na sekunde 12 tu. Kwa maneno mengine, msaada mdogo wa mota katika mlima mmoja ungeweza kuamua mbio zote. Na msaada huo mdogo ni sawa kabisa na kiasi cha makosa yaliyomo katika hesabu yetu. Kwa kalamu na karatasi peke yake hatuwezi kumtia mtu hatiani, wala hatuwezi kumsafisha.

Vipi kuhusu betri? Wati 20 kwa sekunde 2,488 ni takriban jouli 50,000. Tukikadiria kwamba asilimia 30 ya nishati ya betri hupotea kama joto ndani ya mota na gia, betri itatakiwa kutoa takriban jouli 71,000, ambazo ni karibu wati-saa 20. Betri ya simu ya mkononi ya kisasa huwa na wati-saa 15 hivi. Betri mbili za simu zatosha na kubaki!

Kuhusu uzito, kila kilo inayoongezwa humgharimu mwendeshaji takriban wati 4.5 katika mlima ule. Mtambo wa kilo 1.8 ungegharimu wati 8, lakini wenyewe una uwezo wa kutoa mara kadhaa ya kiasi hicho. Zaidi ya hayo, kanuni za UCI zinataka baiskeli isipungue kilo 6.8, ilhali fremu za nyuzi za kaboni zaweza kutengenezwa nyepesi kuliko hapo. Hivyo pana nafasi ya kuongeza kitu bila mizani kuonyesha lolote la ajabu.

Jibu la swali letu la kwanza, basi, ni kwamba jambo lenyewe lawezekana. Anayesema kuwa ni ndoto tupu hajafanya hesabu.

NAMNA YA KUGUNDUA

Kila mota ya umeme ina mambo matatu isiyoweza kuyaficha kwa pamoja: ina sumaku na nyaya za shaba, ina vipande vya metali vizito, na hutoa joto inapofanya kazi. Njia za ukaguzi zimejengwa juu ya mambo hayo matatu.

Njia ya kwanza ni ya sumaku. Mkaguzi hupitisha juu ya fremu kompyuta bapa iliyounganishwa na kifaa cha kutoa na kupima uga wa sumaku. Fremu ya nyuzi za kaboni haiuvurugi uga huo sana, lakini mota na betri huuvuruga. Njia hii ni ya haraka, na baiskeli nyingi zaweza kupimwa kabla ya mbio kuanza. Ndiyo iliyotumiwa kwa wingi tangu mwaka 2016.

Njia ya pili ni ya eksirei. Mwezi Machi mwaka 2018 UCI ilionyesha kisanduku cha eksirei kinachokokotwa na gari, ambacho huingizwa baiskeli nzima na kupigwa picha kama mtu anavyopigwa picha ya mfupa hospitalini. Mota, gia, waya na betri huonekana waziwazi, kwa kuwa metali huzuia mionzi kuliko kaboni. Picha hiyo yaweza kuhifadhiwa na kutolewa kama ushahidi.

Njia ya tatu ni kamera ya joto. Tumekwisha kuona kwamba sehemu ya nishati ya betri hupotea kama joto. Kamera ya aina hiyo yaweza kuonyesha sehemu yenye joto lisilo la kawaida mbio zikiwa zinaendelea. Lakini ekseli inayosuguana na rimu inayobanwa na breki navyo hupata joto; kwa hiyo njia hii yafaa kuelekeza macho, haitoshi kutoa hukumu.

Katika Tour de France ya mwaka 2023 UCI ilitangaza kwamba ilifanya ukaguzi mara 997: mara 837 kwa njia ya sumaku kabla ya mbio, na mara 160 kwa eksirei baada ya mbio. Hakuna mota iliyopatikana.

Walimu wa hisabati waweza kuitumia hesabu ifuatayo. Tuseme chombo fulani hukosea mara 1 katika kila 100, yaani hulia pasipo na mota. Katika ukaguzi 1,000 wa baiskeli zisizo na mota yoyote, chombo hicho kitalia mara 10 hivi. Kama mlio peke yake ungekuwa hukumu, watu 10 wasio na hatia wangefungiwa. Kwa sababu hiyo mlio wa chombo ni mwaliko wa kuifungua baiskeli, basi. Hukumu hutoka ndani ya bomba la kiti.

MIZANI NA MTUHUMIWA

Wakulima wa kahawa wa Mbeya wanaijua hali hii kwa namna nyingine. Mkulima hupima kahawa yake nyumbani akapata kilo 60; akifika kwa mnunuzi mizani inasoma 57. Papo hapo huhisi kwamba ameibiwa. Yamkini ameibiwa kweli. Yamkini kahawa imekauka njiani, au mizani ya nyumbani ndiyo mbovu. Kelele hazitaamua jambo hilo. Litaamuliwa na jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana, likiwekwa juu ya mizani zote mbili mbele ya pande zote mbili. Ndiyo sababu nchi yetu ina Wakala wa Vipimo, ambao kazi yake ni kuzikagua mizani za biashara na kuziwekea alama.

Lililo muhimu ni kwamba ukaguzi huo humlinda mkulima, na pia humlinda mnunuzi mwaminifu. Bila jiwe la mizani, mnunuzi mwaminifu na mnunuzi mwizi hufanana machoni pa watu. Chris Froome alilijua jambo hili. Mwaka 2016 alieleza kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuishauri UCI izikague baiskeli mara kwa mara zaidi, kwa sababu ya uvumi uliokuwapo. Hakuna mota iliyowahi kupatikana katika baiskeli yake.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Tuhuma hupenda kumfuata mtu ambaye hakutarajiwa. Froome alipopanda ghafla kutoka kundi la nyuma mwaka 2011 alieleza kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiugua kichocho, kilichogunduliwa mwaka 2010. Kwa mwanafunzi wa kando ya Ziwa Nyasa au Ziwa Viktoria ugonjwa huo si kitendawili: humpunguzia mtu damu na nguvu, na akitibiwa hupata nafuu. Lakini huko Ulaya wako walioyapokea maelezo hayo kwa mashaka. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa fulana ya kijani. Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Vijana wetu wataendelea kuingia katika michezo hii, na baadhi yao watashinda pale ambapo hawakutarajiwa. Kinga yao haitakuwa kuombwa waaminiwe. Kinga yao itakuwa vipimo vinavyoaminika, vinavyomhusu kila mtu kwa kiasi kile kile, na ambavyo matokeo yake hutangazwa.

JARIBIO KWA SHULE

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa bila gharama kubwa. Tafuta mota ndogo kutoka katika redio ya kaseti iliyokufa au mwanasesere wa betri, dira moja, na vipande 10 vya mianzi vyenye urefu na unene unaolingana.

1. Mwalimu, wanafunzi wakiwa nje, aingize mota katika kipande kimoja, misumari ya chuma katika vipande viwili, na vingine aviache vitupu. Ncha zote zizibwe kwa karatasi.

2. Wanafunzi wapitishe dira polepole karibu na kila kipande, wakiandika ni wapi mshale umeyumba na kwa kiasi gani. Wasikitikise wala kukifungua kipande chochote.

3. Kila kundi liandike kwanza ni kipande kipi linachokituhumu na kwa sababu gani. Kisha vipande vyote vifunguliwe.

4. Hesabuni ni mara ngapi kundi limegundua mota, na ni mara ngapi limeutuhumu msumari. Jaribio lirudiwe kwa kutumia baiskeli ya chuma badala ya mwanzi, na wanafunzi waeleze kwa nini dira hushindwa kazi.

MASWALI

1. Mwendeshaji wa kilo 60 mwenye baiskeli ya kilo 10 amepanda kimo cha mita 300 kwa dakika 25. Kadiria nguvu aliyotumia kwa kuinua tu. Je, matokeo yako yanatosha kusema kwamba alisaidiwa na mota? Toa sababu.

2. Katika kisa cha gurudumu lililoendelea kuzunguka, taja kilichoonekana, na taja kilichodhaniwa.

3. Rafiki yako anasema: "Hakuna aliyekamatwa katika Tour de France, kwa hiyo hakuna aliyedanganya." Mwingine anasema: "Mota zaweza kufichwa, kwa hiyo bingwa huyu ameficha." Onyesha kosa la kila mmoja wao.